Mwalimu Afundwe Kabla ya Kufundisha

MZAZI anapomshika mwanawe mkono asubuhi ya Januari na kumfikisha kwa mara ya kwanza kwenye mlango wa darasa, haombi kuoneshwa cheti cha mwalimu. Hamuulizi alipata daraja gani chuoni, wala alifundishwa na nani. Anamkabidhi mtoto, anageuka, anakwenda zake shambani au sokoni. Hakuna hati inayoandikwa wala shahidi anayeitwa. Watu hao hao wakikopeshana fedha huandikiana na kuweka mashahidi, kama dini yetu ilivyotuelekeza. Lakini mtoto, ambaye hana bei, hukabidhiwa kwa kuaminiana tu. Katika lugha yetu sisi Waislamu jambo la namna hiyo lina jina lake. Ni amana.

Ndugu zetu katika imani, katika toleo hili tumeona tuizungumzie amana hiyo, na hasa swali moja ambalo halisikiki sana mimbarini wala katika vikao vya wazazi: huyu tunayemkabidhi watoto wetu, ni nani aliyemfundisha kuitunza amana, na alimfundisha lini?

Tunaliuliza swali hili kwa sababu kila linapotokea jambo baya shuleni, jamii nzima hushtuka kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni. Zinapigwa kelele kwa wiki mbili, mhusika anaadhibiwa, viongozi wanatoa matamko, kisha kimya kinatanda hadi litokee jingine. Ni nadra kumsikia mtu akirudi nyuma hadi chuoni, kwenye miaka ile ambayo mwalimu alikuwa bado anaandaliwa, akauliza ni nini kilichopandwa huko na ni nini kilichosahaulika.

Mambo tuliyoyashuhudia

Tukumbushane machache. Mwaka 2016 zilisambaa katika simu za watu picha za video kutoka shule moja ya sekondari jijini Mbeya. Zilionesha mwanafunzi akishambuliwa na watu wazima kadhaa kwa ngumi, mateke na fimbo, ndani ya ofisi ya walimu. Nchi nzima ilishtuka, Serikali ikachukua hatua, na wengi wetu tukaridhika kwamba haki imetendeka. Lakini lipo jambo moja katika tukio lile ambalo halikupewa uzito wake. Waliokuwa wakimpiga hawakuwa walimu walioajiriwa. Walikuwa wanachuo waliopelekwa pale kwa mazoezi ya kufundisha. Maana yake ni kwamba walikuwa bado mikononi mwa vyuo vyao, bado wanafundwa, bado hawajatunukiwa hata hicho cheti. Ikiwa mti umepinda ungali kitaluni, tutamlaumu nani shambani?

Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi wilayani Bukoba alifariki baada ya kupigwa akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, na walimu wakafikishwa mahakamani. Oktoba mwaka huo huo Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba kwa shule za wilaya ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na shule nyingine kadhaa nchini, kwa sababu ya kuvuja kwa mtihani. Watoto wa miaka 13 na 14 wakarudishwa vyumbani kufanya mtihani upya kwa dhambi iliyofanywa na watu wazima. Mwaka mmoja kabla, yaani 2017, uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma 9,932 waliokuwa wakitumia vyeti vya kughushi, na miongoni mwao walimo walimu. Hebu tafakari, ndugu msomaji: mtu anayemkataza mtoto asiibie jibu la jirani yake, ilhali yeye mwenyewe amesimama mbele ya ubao kwa cheti cha wizi!

Hatuyataji haya ili kuwafedhehesha walimu. La hasha! Walimu walio wengi nchini ni watu waaminifu wanaofanya kazi katika mazingira magumu, wenye darasa la watoto mia moja na zaidi, nyumba mbovu na shukrani chache. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na matukio kama haya, kwa sababu kila fimbo inayovuka mpaka humpunguzia heshima hata yule ambaye hajawahi kumgusa mtoto. Tunayataja kwa sababu yana mzizi mmoja, na mzizi huo unafikika.

Sheria zipo, lakini sheria hufika baadaye

Atasema msemaji kwamba nchi haikukosa sheria. Ni kweli. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, zikataka adhabu itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, zikaelekeza mtoto wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike pale anapokuwapo, na zikaagiza kila adhabu iandikwe katika daftari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki ya mtoto inapovunjwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2018 Bunge likapitisha Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Zipo pia kanuni za maadili ya kazi ya ualimu, zinazomtaja mwalimu kuwa na wajibu kwa mtoto, kwa jamii, kwa kazi yake, kwa mwajiri wake na kwa taifa.

Yote hayo ni mema, na hatusemi yaondolewe. Lakini sheria ina tabia yake. Sheria humngoja mtu akosee ndipo imfuate. Huja na pingu baada ya mtoto kuumia. Haiwezi kusimama darasani saa nne asubuhi, jua likiwa kali na watoto wakipiga kelele, ikaushika mkono wa mwalimu kijana kabla haujashuka. Kinachoweza kuushika mkono ule ni kitu kilichokwisha kuingia ndani yake mwenyewe, na kitu hicho hakiingii kwa kusomewa waraka siku ya kuripoti kazini.

Isitoshe, tujiulize ni walimu wangapi wapya waliowahi kuzisoma hizo kanuni za mwaka 2002. Kijana hufika katika kituo chake cha kwanza, na asubuhi ya kwanza mwenyeji wake mwenye miaka ishirini kazini humkabidhi vitu viwili: kipande cha chaki na fimbo. Humwambia, "Mwanangu, hapa bila hii hufundishi." Kwa sentensi hiyo moja, yale yote aliyoyasikia chuoni kuhusu saikolojia ya mtoto huwa yamefutwa. Amepata mwalimu mpya wa maadili, naye ni mazoea.

Je, maadili yanafundishika?

Wapo wanaosema kwamba kumfundisha mtu mzima maadili chuoni ni kupoteza wakati, kwa kuwa tabia hutoka nyumbani. Aliyelelewa vizuri atakuwa mwalimu mzuri, na aliyeharibika hataongoka kwa mihadhara. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayopoteza watu wengi.

Ni kweli kwamba nyumba ndiyo chuo cha kwanza. Lakini wema wa mtu na maadili ya kazi si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa msema kweli, mswalihina, mwenye kuwaheshimu wazazi wake, na bado asijue afanye nini katika mambo ambayo hakuwahi kukutana nayo nyumbani kwao. Mzazi amemletea kuku wiki moja kabla ya mitihani: je, ni takrima ya Kiislamu ambayo kuikataa ni ujeuri, au ni bei ya alama? Mkuu wa shule anamwambia awasaidie watoto kidogo katika chumba cha mtihani ili shule isishike mkia: je, amtii mkubwa wake? Mtoto wa kike anamsimulia kwa machozi yanayotendeka nyumbani kwa baba yake wa kambo: je, aisitiri siri hiyo kama alivyofundishwa kuzisitiri aibu za watu, au aipeleke mbele? Mwanafunzi anamwandikia ujumbe kwenye simu saa tano za usiku: je, ajibu? Anaishi kwa mshahara usiomfikisha mwisho wa mwezi na wazazi wanamuomba awafundishe watoto wao jioni kwa malipo: je, ni halali yake, na itaanza lini kuwa haramu?

Maswali haya hayajibiki kwa moyo mwema peke yake. Yanahitaji elimu. Daktari mwema asiyejua kupasua tunamkataza asiguse kisu. Kwa nini basi mwalimu mwema asiyejua mipaka ya kazi yake tumruhusu aguse akili na mwili wa mtoto?

Wengine husema tatizo ni mshahara. Hatulipuuzi hilo. Mwalimu mwenye njaa ni vigumu kumhubiria, na wanaotaka uadilifu wa mwalimu huku wakimwacha alale kwenye nyumba inayovuja hawajasema ukweli wote. Mapendekezo ya kimataifa kuhusu Hadhi ya Walimu, yaliyopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, yalizungumzia mambo hayo mawili kwa pamoja: maslahi ya mwalimu yaboreshwe, na vyama vya walimu viwe na kanuni za maadili. Hata hivyo, mshahara hauelezi kila kitu. Wale wanachuo wa mwaka 2016 hawakuwa wakimpiga mtoto yule kwa sababu ya malimbikizo ya mishahara. Hawakuwa hata na mshahara.

Wanazuoni wetu walilitambua hili

Jambo hili si geni katika umma wetu, ingawa wengi wetu tumelisahau. Karne ya tatu ya Hijra, katika mji wa Kairouan, faqihi Muhammad ibn Sahnun, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870 Miladia), aliandika kitabu kidogo mahsusi kuhusu adabu za waalimu, akipokea mengi kutoka kwa baba yake. Ukiyatazama mambo aliyoyashughulikia utadhani ameketi katika kikao cha wazazi cha mwaka huu. Alizungumzia kikomo cha adhabu ya mtoto. Alimkataza mwalimu kuwatuma watoto katika shughuli zake binafsi. Alimkataza kuwadai zawadi zaidi ya ujira wake. Alimtaka asiliache darasa lake akajishughulisha na mengine. Alimtaka asimtofautishe mtoto wa tajiri na mtoto wa masikini.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliuorodhesha wajibu wa mwalimu katika kitabu cha elimu ndani ya Ihyau Ulumiddin, akaanza na huruma: kwamba mwalimu amchukulie mwanafunzi kama mwanawe wa kumzaa. Akaelekeza pia kwamba kosa la mwanafunzi likemewe kwa kudokeza na kwa upole, lisifanywe tamasha mbele ya watu. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria, alieleza katika Muqaddima yake athari za ukali uliopindukia: humfanya mtoto awe mwongo na mjanja wa kujificha, akadhani kwamba hila ndiyo njia ya kuishi. Miaka mia sita imepita, na kila aliyepata kusoma chini ya fimbo anajua kwamba mzee yule alisema kweli.

Lakini mfano ulio juu ya yote ni wa Mtume wetu (s.a.w.). Tunakijua sote kisa cha bedui aliyeingia msikitini na kukojoa ndani yake. Masahaba waliinuka kumkemea. Mtume akawazuia, akamwacha amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamweleza kwa upole nini msikiti unastahili. Kisa hiki tunapokisimulia huwa tunamtazama bedui. Tuwatazame leo wale masahaba. Wao ndio waliokuwa walimu wa kesho, ambao baada ya muda mfupi wangetawanyika Yemen, Sham na Misri kufundisha watu. Hawakupewa mhadhara kuhusu upole. Walizuiwa mikono yao wakati hasira ipo, wakaoneshwa papo hapo namna ya kumfundisha mtu aliyekosea, na hilo likabaki kuwa somo la maisha. Hivyo ndivyo mwalimu anavyofundwa.

Namna inavyopasa kufundishwa

Hapa ndipo tunapotaka wenye mamlaka ya vyuo vya ualimu, vya Serikali na vya taasisi za dini, watusikilize. Kwa kawaida maadili huingia katika mafunzo kama mada ndani ya somo jingine. Mwanachuo huandika katika daftari lake wajibu wake kwa mtoto, kwa jamii, kwa kazi, kwa mwajiri na kwa taifa, huukariri, huuandika tena katika karatasi ya mtihani, hupata alama zake, na huo ndio mwisho. Amejifunza kuyataja maadili, si kuyatumia.

Tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza, maadili yafundishwe kwa mashauri ya kweli. Wanachuo waletewe kisa, kama kile cha kuku au cha ujumbe wa usiku wa manane, wagawanyike, wabishane, kila mmoja aseme angefanya nini na kwa nini, kisha mkufunzi awaoneshe sheria inasemaje na busara inasemaje. Anayewahi kulifikiria jambo akiwa ametulia ana nafasi kubwa ya kulimudu atakapokuwa amekasirika au ametamanishwa. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na mwanachuo bado ni mbichi.

La pili, mazoezi ya kufundisha yapimwe pamoja na mwenendo. Mkaguzi kutoka chuoni hufika, hukagua azimio la kazi, andalio la somo na zana, hukaa nyuma ya darasa dakika arobaini, hujaza fomu, huondoka. Mwanachuo anaweza kupata alama za juu kwa andalio lililonyooka, ilhali jioni hiyo hiyo amewatuma watoto wamchotee maji au amemtukana mmoja wao mbele ya wenzake. Wakaguzi wawasikilize pia walimu wenyeji na watoto wenyewe. Na mwalimu mwenyeji anayemlea mwanachuo achaguliwe kwa mwenendo wake, kwa sababu huyo ndiye atakayeigwa.

La tatu, wakufunzi wenyewe wawe mfano. Mkufunzi anayechelewa saa nzima, anayeuza vijitini kwa lazima, anayewadhalilisha wanachuo mbele ya wenzao, au, Allah atuepushe, anayeomba rushwa ya ngono kwa binti aliyeshindwa mtihani, huyo amekwisha kufundisha somo la maadili. Wanachuo wake watalikumbuka kuliko mihadhara yote.

Tunajua kwamba jambo hili linahitaji muda, na muda ndio ambao taifa letu limekuwa likiubana kila lilipohitaji walimu wengi kwa haraka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, walimu wa UPE waliandaliwa kwa njia za haraka ili kila mtoto aingie darasani. Katikati ya miaka ya 2000, sekondari za kata zilipochipua kila mahali, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa kufundisha, watu wakawaita "voda fasta". Hatuwakejeli, wamo miongoni mwao waliowafundisha baadhi yetu kusoma na kuandika, na Allah awalipe. Lakini mafunzo yanapofupishwa, kinachokatwa kwanza ni kile kisichotahiniwa sana. Hisabati itabaki, maadili yatasubiri.

Tuanze na nyumba yetu

Sasa tuseme lililo gumu kulisema. Itakuwa ni unafiki kunyoosha kidole kwenye shule za Serikali na kuzipita kimya madrasa zetu. Katika misikiti yetu mingi, mwalimu wa madrasa ni kijana aliyehifadhi juzuu kadhaa, akakabidhiwa watoto hamsini, bakora na mkeka. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kumfundisha mtoto wa miaka mitano. Hakuna aliyemwambia mpaka wa adhabu. Ujira wake ni sadaka ya Ijumaa ikipatikana. Mtoto anapokuja nyumbani na alama mgongoni, mzazi husema kwamba ndiyo njia ya kuipata elimu ya dini. Na panapotokea jambo la aibu kubwa zaidi, wazee huketi faragha, wakalimaliza kwa kuhofia jina la msikiti. Mwalimu huyo huhamia mtaa mwingine na madrasa nyingine.

Ndugu zetu, kumsitiri Muislamu aliyeteleza ni jambo jema, lakini kumsitiri anayewaumiza watoto ni kushiriki katika kuwaumiza. Jina la msikiti halilindwi kwa kumtoa mtoto kafara. Tukilinyamazia hili, hatuna uso wa kudai uadilifu kutoka kwa wengine.

Vilevile kurasa kama hizi zimebeba kwa miaka mingi malalamiko ya wazazi kuhusu watoto wa Kiislamu kutotendewa sawa mashuleni, na haki ni lazima idaiwe. Lakini mwalimu Muislamu anayetoka katika jamaa zetu ajue kwamba mtoto wa Kikristo, na mtoto asiye na dini yoyote, aliyeketi mbele yake ni amana ile ile. Akimpunguzia alama moja kwa sababu ya jina lake, ameihini amana, na hoja yetu yote itakuwa imeanguka.

Wajibu wa jamaa zetu

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu, mmoja mmoja na kwa jamaa zao, wafanye yafuatayo ambayo hayangoji bajeti ya yeyote.

Mosi, tubadilishe nia ya kuwapeleka vijana wetu ualimu. Tumezoea kusema, "Amefeli, basi aende hata ualimu." Neno hilo "hata" ndilo linalojaza vyuo vijana wasioitaka kazi hiyo. Tumpeleke ualimu kijana mwenye subira na mwenye kupenda watoto, na tumwambie wazi kwamba tumemchagua kwa sababu hiyo.

Pili, wanachuo wanapokuja katika vijiji na mitaa yetu kwa mazoezi ya kufundisha, tuwapokee. Wengi hufika wakiwa hawana pa kulala, na upweke na njaa ni washauri wabaya. Jamaa inayompatia kijana huyo chumba cha heshima, chakula cha jioni na mzee wa kumuuliza hali, imemlinda yeye na imewalinda watoto.

Tatu, tuhudhurie vikao vya wazazi na tukubali kuchaguliwa katika kamati na bodi za shule. Tuulize daftari la adhabu liko wapi na linasema nini. Tuulize kwa adabu, bila kelele wala vitisho, kwa maana mzazi anayekwenda shuleni kumpiga mwalimu amefanya kosa lile lile analolilalamikia. Na tuache kumwambia mwalimu, "Mwalimu, huyu nimekuachia, nirudishie mifupa tu." Maneno hayo tumeyasema kwa mzaha miaka mingi, na wapo walioyachukua kuwa ruhusa.

Nne, kila msikiti wenye madrasa uweke utaratibu wa kumfunda mwalimu wake kabla hajakabidhiwa watoto. Katika kila jamaa wamo walimu wa shule, wastaafu na walio kazini. Waombwe watoe siku chache kabla ya kila mwaka wa masomo, wakae na waalimu wa madrasa, wanaume na wanawake, wawaeleze namna mtoto anavyojifunza, mipaka ya adhabu, na nini kifanyike mtoto anapolalamika. Utaratibu huo uandikwe na ubandikwe ukutani ili wazazi wausome. Na mwalimu huyo apewe ujira unaojulikana, kwani haifai kudai amana kwa mtu tunayemdhulumu.

Tunarudi kwa mzazi wetu wa Januari, aliyemwacha mtoto mlangoni akaenda zake. Hakuandika hati, lakini amana aliyoiweka imeandikwa kwingine, na itaulizwa siku ambayo hakutakuwa na wakili wala rufaa. Ataulizwa mwalimu aliyeipokea. Atakuwa na la kujibu pia mkufunzi aliyempa cheti bila ya kumfunda. Na sisi tuliojua tukanyamaza hatutakosa swali letu.

Tunamuomba Allah awape walimu wetu subira, ikhlasi na riziki ya halali, awalinde watoto wetu mikononi mwao, na atupe sisi ujasiri wa kuanza na nyumba zetu. Amin.